Mlango wa Nyuma, Upande wa Kushoto

Mara ya kwanza baba alipofungua mlango wa gari likiwa mwendoni, nilidhani ni upepo. Tulikuwa tumetoka nyumbani Komarock na kuingia Barabara ya Kangundo, nami nilikuwa nimeongeza mwendo kwa sababu lori la mchanga lilikuwa likinisukuma kwa honi. Ghafla kelele za nje zikajaa ndani. Nilipogeuka nikamwona baba, ameketi kando yangu kwenye kiti cha mbele, mkono mmoja kwenye mlango, mguu mmoja umekwisha kutoka, unaelea juu ya lami. Hakuwa na haraka. Alikuwa na uso wa mtu aliyefika anakokwenda. Nilimshika ukosi wa koti, nikakanyaga breki, na lile lori likatupita likikaribia kutusugua kioo.

"Si tumefika, mama?" akauliza.

Baba huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Ndivyo kwetu magharibi baba anavyomwita binti aliyerithi jina hilo, na nilipokuwa mdogo lilinipa kiburi mbele ya ndugu zangu. Tangu ugonjwa wa kusahau umwingie, sijui kila mara kama ananiita mimi au anamwita yule mwingine.

Alifanya kazi reli miaka yake yote ya nguvu, akastaafu, akarudi nyumbani kulima. Mama alipofariki, majirani wakaanza kunipigia simu. Mzee ameonekana barabarani bila viatu. Mzee ameulizia gari moshi kwenye duka la mbolea. Nikaenda kumchukua. Tangu hapo tunaishi wawili, na kila wiki nilikuwa nikimpeleka kliniki ng'ambo ya Kariobangi, ambako walikuwa wakimnyoosha mikono na miguu na kumwuliza leo ni siku gani.

Baada ya siku ile nilimhamishia kiti cha nyuma. Nilichagua upande wa kushoto, ili hata akifungua asitokee katikati ya magari. Milango ya nyuma ina kale kakufuli ka watoto, unakageuza kwa ncha ya ufunguo na mlango haufunguki kutoka ndani. Nikakageuza, nikaona nimemaliza shida. Tulifika nusu ya safari tu. Baba alijaribu mlango, ukakataa. Akajaribu tena. Kisha nikasikia ngumi kwenye kioo, na sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, nyembamba, ya mtoto aliyefungiwa stoo.

"Nifungulieni. Nimewafanya nini? Nifungulieni."

Nilipomfungulia kando ya barabara alikuwa amelowa jasho na kifundo cha mkono kinatoka damu. Hakunitambua. Alinyenyekea kwangu kama mtu anayemwomba askari, akinivulia kofia. Mimi, bintiye. Nilikarudisha kale kakufuli mahali pake na sikukagusa tena. Kati ya hofu yangu kwamba ataanguka na hofu yake kwamba amefungwa, niliona afadhali nibebe yangu.

Ndipo nikaanza kuitegemea taa ya milango.

Gari langu ni dogo, la zamani, lililokwisha kutumiwa na watu wengine Japani kabla ya kuletwa huku. Kwenye dashibodi lina kapicha kekundu ka gari lenye mlango wazi, na juu ya vichwa vyetu kuna taa ya ndani. Mlango wowote ukiachia hata kidogo tu, vyote viwili vinawaka. Nilijizoesha kutazama kale kapicha kama wengine wanavyotazama mafuta. Macho barabarani, macho kwenye kapicha, macho kwenye kioo cha katikati nimwone baba, kisha barabarani tena. Kakiwaka tu, naegesha kando na kusimama. Kalituokoa zaidi ya mara moja. Nikiteremka kuufunga mlango, baba ananiuliza, "Bado?" nami namjibu, "Bado kidogo, baba."

Halafu taa ikaanza wazimu. Tunaenda, milango yote imefungwa, baba amelala kinywa wazi, na kale kapicha kanawaka. Nasimama ghafla, wenye boda boda wananitukana, nashuka, nasukuma kila mlango. Hakuna kitu. Tukiendelea, taa inazima, inawaka, inazima. Usiku mmoja wa mvua niliangalia dirishani nikaona gari langu pale chini linawaka ndani peke yake, viti vinaonekana vitupu, na ingawa nilijua ni hitilafu sikuthubutu kushuka. Asubuhi betri ilikuwa imekufa.

Nilikuwa na fundi wa waya za magari pale Kariobangi, kwenye zile karakana za mabati ambako mtu anachomelea geti huku mwingine anapaka rangi bonneti. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, anayeongea huku akitafuta kitu kingine kwa macho. Alifungua mlango wa mbele wa abiria na kunionyesha kitufe kidogo kwenye fremu, pale mlango unapokutana na mwili wa gari.

"Hii ndiyo swichi. Mlango ukifungwa unakifinya, taa inazima. Ukifunguka kinatoka nje, taa inawaka. Sasa angalia hiki kiraba cha juu."

Kile kiraba kilikuwa kimeliwa upande. Mlango ulikuwa haukifinyi kitufe sawasawa, kwa hiyo kila tukipita tuta gari lilidhani mlango uko wazi. Alibandika kiraba kingine, akafunga, akafungua, akafunga. Taa ikatii. Akaupiga mlango ngumi, akatikisa gari lote, taa haikuwaka.

"Imekwisha, madam. Enda bila wasiwasi."

Nilienda bila wasiwasi. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, jinsi mabega yalivyoshuka. Kwa wiki kadhaa kapicha kalitulia gizani na mimi nikatulia nako. Nilipunguza kugeuka nyuma. Nilimsimulia baba habari za ofisini na za jirani anayefuga kuku kwenye balkoni, naye alijibu au hakujibu, kwa sababu siku nyingine hajibu kabisa.

Siku ile tulikuwa tunatoka kliniki. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha mchana na magari yalikuwa yamekwama karibu na makutano ya Kariobangi, yanasogea hatua, yanasimama. Honi kila upande. Mkokoteni wa mitungi ya maji ulikuwa umenikata mbele na mwenye nao alikuwa akijibizana na dereva wa lori la tangi. Kapicha hakakuwaka. Nilikuwa nikimweleza baba kwamba jioni tutapika samaki, nikamwuliza kama anataka wa kukaanga au wa mchuzi. Hakujibu. Tukasogea. Nikasema basi nitafanya wa mchuzi. Tukasogea tena, mara hii mbali kidogo, mpaka kupita kituo cha mafuta. Nikainua macho kwenye kioo cha katikati.

Kiti kilikuwa kitupu.

Niligeuka mwili mzima. Mkanda ulikuwa unaning'inia, umefunguliwa vizuri. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri pia. Baba hajawahi kubamiza mlango maishani mwake. Alitufundisha utotoni kufunga mlango kwa kiganja, polepole, kwa heshima ya watu waliolala. Alikuwa ameshuka kwenye msongamano wa magari, akafunga nyuma yake kwa kiganja, na mimi nikaendelea kuzungumza na kiti.

Sijui niliachaje gari. Nakumbuka niliwasha taa za hatari na kuliacha nusu juu ya ukingo, mtu akapiga kelele nyuma yangu, nami nikakimbia kurudi tulikotoka, viatu vikijaa matope. Kilichonitisha ni kwamba sikujua nirudi mpaka wapi. Angeweza kuwa ameshuka hapo kwenye kituo cha mafuta, au nyuma kabisa kwenye makutano, au kabla ya mkokoteni. Ng'ambo ile nyingine magari hayakuwa yamekwama. Malori yalikuwa yakishuka kwa kasi, yanarusha maji. Baba husikia kwa sikio moja tu.

Niliwafikia wenye boda boda waliojikinga chini ya mwavuli wa mwenye kuuza simu.

"Mmeona mzee? Mrefu, koti la kahawia, ana kofia."

Mmoja akatikisa kichwa. Mwingine akasema, "Kuna mzee alikatiza hapo, akaingia upande wa soko. Lakini sijui kama ni huyo wako. Alikuwa anatembea tu katikati ya magari, hasimami."

"Saa hizi?"

"Kitambo kidogo."

Nikatazama alikoonyesha kwa kidole. Mbele, ng'ambo ya barabara, watu walikuwa wamekusanyika, wamesimama duara, wanatazama chini. Wengine walikuwa wakikimbia kuelekea hapo. Basi moja lilikuwa limesimama mshazari, milango wazi.

Nilisimama kwenye ukingo. Nilianza kuhesabu vitu vya kijinga kichwani. Kwamba asubuhi nilikuwa nimemfunga vifungo vya shati vikavuka kimoja, na nilikuwa nimesema nitavirekebisha tukifika. Kwamba dada yangu anayeishi mtaa wa Fedha atauliza alikuwa amevaa nini. Kijana mmoja wa boda boda aliniona, akanishika kiwiko bila kuniuliza, akainua mkono kuyasimamisha magari, tukavuka. Nilipenya lile duara kwa mabega.

Chini kulikuwa na nyanya. Makreti yalikuwa yameanguka kutoka kwenye gari la mizigo na nyanya zilikuwa zimepondwa lami nzima, nyekundu, magurudumu yamezikanyaga na kuzitandaza. Mwenyewe alikuwa amechuchumaa anaokota zilizopona. Watu walikuwa wakimsaidia, na wengine wakijichukulia zao. Nilikaa chini pale pale kwenye ukingo. Mwanamke mmoja akaniuliza kama nyanya ni zangu.

Nilipoweza kusimama niliingia sokoni. Sokoni Kariobangi huwezi kumwita mtu kwa sauti, kila mtu anaita. Nilipita mitumba, nikapita viatu, nikapita mama wa dagaa wa omena. Kila mzee mwenye kofia alikuwa yeye, halafu hakuwa yeye. Nilifikiria giza litaingia. Nilifikiria mto ulio kule nyuma, umejaa. Nilimwuliza kila aliyenitazama, na watu waliniitikia vizuri, wakaulizana kwa sauti kutoka kibanda hadi kibanda, mpaka jibu likarudi kwa njia ile ile: kuna mzee kwa mama wa vitunguu.

Alikuwa ameketi juu ya gunia la vitunguu, kofia magotini, anakunywa chai ya maziwa kwa kikombe cha plastiki. Kando yake alikuwa amekaa mama wa Kiislamu, mnene, mwenye buibui na aproni juu yake. Mkono mmoja ulikuwa unapima vitunguu, na wa pili ulikuwa umeshika mkono wa koti la baba, umelikamata kwa nguvu, kama mtu anayeshika kamba ya ng'ombe huku akijifanya hashiki.

"Ni baba yako?" akaniuliza.

Niliitikia kwa kichwa tu.

"Kaa kwanza. Vuta pumzi. Alipita hapa ananiuliza shule iko upande gani. Anasema amekuja kungoja mtoto wake atoke. Nikamwambia mzee, kengele bado, ngojea hapa kwangu kuna chai." Akashusha sauti. "Sikutaka kubishana naye. Ningebisha angeondoka."

"Asante, mama."

"Wacha. Mimi pia niko na mzee nyumbani."

Baba alinitazama. Nilikuwa nimelowa hadi magotini, matope, nyanya kwenye sketi. Sijui aliona nani. Alisogea kwenye gunia kunipa nafasi, akasema, "Mama, wamekuachilia mapema leo." Kisha akaninyooshea kikombe ili ninywe chai iliyobaki.

Gari nililikuta mahali nilipoliacha, yule kijana wa boda boda aliyenivusha amesimama nalo ili lisivutwe. Nilimrudisha baba nyumbani akiwa mbele, kando yangu, mkono wangu mmoja umeshika koti lake njia nzima kama nilivyomwona yule mama akifanya. Nilibadilisha gia kwa mkono ule ule, nikarudi kwenye koti.

Kesho yake dada alikuja kukaa naye, mimi nikaenda kwa fundi. Nilikuwa nimejiandaa kugombana.

"Uliniambia niende bila wasiwasi," nikamwambia, kisha nikamweleza yote.

Alisikiliza. Mara hii hakutafuta kitu kwa macho. "Madam, siku ile ulisema taa inawaka ovyo. Nilitafuta ile inayowasha ovyo, nikaipata. Hukusema kuna mlango unakataa kuwasha."

"Sikujua kama unakataa."

"Hata mimi sikujaribu. Hapo tumekosa wote."

Tukaanza upya, wawili, milango yote imefungwa. Aliniambia nikae kwenye usukani nitazame kapicha. Kwanza akahakikisha swichi ya ile taa ya juu imewekwa katikati, upande unaofuata milango. Akafungua mlango wangu: ikawaka. Akafunga. Mbele kushoto: ikawaka. Nyuma kulia: ikawaka. Akafunga yote, akaenda nyuma kushoto, akafungua mpaka mwisho. Dashibodi ikabaki nyeusi. Juu ya kichwa changu, giza. Mlango wa baba ulikuwa wazi kabisa na gari lilikuwa halijui.

Ningevumilia hitilafu ya kunitisha bure. Hii nyingine ilikuwa imeninyamazia, nami nikauchukua ukimya wake kuwa usalama.

Fundi alikibonyeza kitufe cha mlango ule kwa kidole, kikaingia na kubaki ndani, kimekwama. Akakivuta kwa koleo kikatoka, lakini bado giza. Akafungua skrubu, akachomoa swichi pamoja na waya wake, akaushika ule waya na kuugusisha kwenye bati tupu la gari. Taa ikawaka juu yangu ghafla hadi nikashtuka.

"Balbu nzima. Waya mzima. Ugonjwa uko hapa." Akanionyesha ile swichi kiganjani. Ilikuwa imevimba kutu, na skrubu yake pia. "Umeme unarudi kwa bati kupitia hii skrubu. Kutu ikikaa katikati, njia imekatika. Na maji yanatoka wapi?"

Tuliyafuata kwa vidole. Raba inayozunguka mlango ilikuwa imepasuka juu, na mvua zote za msimu zilikuwa zikichirizika ndani hadi hapo. Akakwangua kutu kwa msasa mpaka bati likang'aa, akaweka swichi nyingine iliyotoka kwenye gari bovu, akabadilisha raba. Tukajaribu milango yote tena, mmoja mmoja, kisha nikamwomba tujaribu tena.

"Unaweza kuweka sauti?" nikamwuliza. "Kitu cha kulia mlango ukifunguka. Nisitegemee macho peke yake."

Akafikiri, akasema inawezekana. Akaunganisha kengele ndogo kutoka kwenye pikipiki, ina mlio wa kukera, akaificha chini ya dashibodi.

Safari ya kwanza nayo, baba aliufungua mlango kidogo tukiwa bado mtaani, kwenye barabara ya ndani. Kengele ikalia. Alishtuka akautoa mkono, nami nikashtuka zaidi yake, nikagonga ukingo. Alitazama juu, chini, akitafuta inakotoka. Sikujua kama ataogopa tena kama siku ya kufuli. Akatulia, akaniuliza, "Wanasemaje?"

"Wanasema tungoje kidogo, baba."

"Haya," akasema, na akaweka mikono mapajani.

Hofu haikuisha. Kila asubuhi ya kliniki nilizunguka gari nikibonyeza vitufe vyote kwa kidole, na majirani wanaoosha magari yao walinitazama. Kuna siku nilisikia kengele ikilia nikiwa jikoni, gari likiwa limezimwa chini, na nilikuwa nimefika ngazini ndipo nikatambua ni simu ya mtu. Ndotoni mlango unafunguka na kengele hailii.

Siku hizi baba hatoki sana. Miguu imekuwa mizito na daktari ndiye anayekuja. Lakini kuna alasiri anaamka akiwa na kofia kichwani, amejivalisha koti, anataka twende. Namshusha ngazi polepole, namkalisha mbele, mimi naketi kwenye usukani, gari limeegeshwa hapo hapo mtaani. Nimeichomoa ile kengele ili milango ikae wazi, upepo uingie, taa ya juu inawaka mchana bila kazi. Watoto wanapita na baiskeli wanamsalimia. Anatazama mbele kupitia kioo, ukuta wa jirani, nguo zilizoanikwa.

"Tumefika wapi, mama?" ananiuliza.

Namtajia stesheni inayofuata ya reli ya magharibi, kwa mpangilio nilioujua nikiwa mtoto. Anatikisa kichwa kukubali. Mimi naendelea kuangalia mguu wake, kama umetoka nje au uko ndani.